Dawa ya Maumivu Iliyozoewa na Mwili: Yaachwaje?

Ndugu zetu walioko Meru na Embu wametuletea suali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa maneno mawili matatu baada ya darsa. Suali lenyewe ni hili. Mtu aliyetumia mofini, au dawa nyingine ya jamii yake, kwa miezi mingi au miaka, kwa amri ya daktari na kwa maradhi yanayojulikana. Kisha maumivu yakapungua, au jamaa zake wakaingiwa na hofu kwamba amekuwa mtumwa wa dawa: je, aiache mara moja? Akiiacha akapatwa na mashaka, je, ana dhambi akiirudia? Na ana tofauti gani mtu huyu na vijana wetu wa pwani walioangamizwa na unga?

Huenda msomaji wetu wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema: ya Meru na Embu yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Twamjibu kwamba yatuhusu sana. Wako huko jamaa zetu waliokwenda kwa biashara wakaoa na kuzaa, na wako hapa kwetu watoto wa huko ambao mama zao wamebaki na mashamba yao kando ya Mlima Kenya. Tena majina ya sehemu hizo mbili kwetu yamefungamana na majani: Meru na miraa, Embu na muguka. Mwezi wa Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, ni Mahakama Kuu iliyoko Embu iliyozisimamisha amri hizo kwa muda, na maneno yakawa mengi. Hatuingii leo katika mjadala huo. Tumeutaja kwa sababu umetuzidishia mazoea mabaya ya kuvitia vitu vyote katika kapu moja: muguka, bangi, unga, na dawa aliyopewa mgonjwa kwa kipimo, vyote tukaviita madawa ya kulevya, na kila mwenye kuvitumia tukamwita teja.

Basi natutazame kwanza hali ya huko. Katika Meru yaonekana sana saratani ya umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa hesabu za mwaka 2018, saratani hiyo ndiyo iliyoua watu wengi zaidi katika Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Maumivu yake, na maumivu ya saratani iliyoingia katika mifupa, hayatulizwi na vidonge vya kawaida vinunuliwavyo dukani. Ndiyo maana kuna Hospisi ya Meru, na Hospisi ya Embu-Mbeere, na wahudumu wa hospitali ya Methodist iliyoko Maua, ambao kazi yao ni kumtuliza mgonjwa maumivu na kumsaidia yeye na watu wake, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe hauna poza. Wenyewe huiita kazi hii tiba shufaa. Sisi tuliosoma Kiarabu neno hilo hutufikirisha kidogo, kwa kuwa shufaa ni uombezi na shifaa ndiyo poza. Lakini hatugombani na jina, maana kazi yenyewe ni njema.

Dawa iliyo mbele katika kazi hiyo ni mofini, nayo asili yake ni afyuni, utomvu wa tunda la mpopi. Wazee wetu waliijua kwa jina la kasumba. Leo kasumba kwa vijana ni fikira mbovu aliyopandikizwa mtu kichwani, lakini zamani ilikuwa ni kitu cha kushikika, kinachouzwa kwa uzani. Jamaa za mofini ni nyingi: kodeini, pethidini, tramadoli, fentanili, methadoni, na vidonge vile ambavyo madaktari wa Kenya huviandika DF118. Heroini nayo, ambayo mitaani kwetu ni unga, hutengenezwa kwa mofini hiyo hiyo. Huu ndio ukweli, wala hatuufichi. Lakini kisu cha tabibu wa upasuaji na kisu cha mwizi ni chuma kimoja pia.

Yatupasa tufahamu mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mwili kuzoea, hata kipimo kilichotosha mwanzo kikawa hakitoshi. La pili ni mwili kutegemea: kwa kuwa dawa huletwa kila siku kutoka nje, mwili hujipanga upya kwa kuihesabu kuwa ipo, na ikikatika ghafla huvurugika. La tatu ni uraibu, nao ni maradhi ya kutamani: mtu huitafuta dawa hali hana maumivu, huongeza kipimo kwa siri, hudanganya, huuza vyombo vya nyumba, huacha kazi na watoto, na madhara yote ayaone kwa macho yake wala asiweze kujizuia. Mawili ya kwanza humpata karibu kila mtu atumiaye dawa hizi kwa muda mrefu, awe mchamungu au asiwe. La tatu ni jambo jingine. Mwenye pumu au baridi ya viungo aliyemeza vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu, naye haruhusiwi kuvikata kwa siku moja, kwa kuwa mwili wake umevitegemea. Je, tumepata kumsikia mtu akimwita teja?

Hatusemi kwamba mgonjwa hawezi kabisa kuingia katika uraibu. Wapo waliongia, hasa waliopata kutumia unga au pombe kabla ya ugonjwa, au wenye majonzi mazito moyoni. Watu hao nao wana haki ya kutulizwa maumivu, ila huangaliwa kwa karibu zaidi, na dawa yao huwekwa na mtu mwaminifu wa nyumbani.

Sasa mwili ukikatiwa ghafla hufanya nini? Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa vijana wetu wamekwisha kulipa jambo hilo jina: arosto. Kwa mofini ya kawaida, arosto huanza baada ya nusu siku hivi, au siku moja, tangu mnyweo wa mwisho. Mtu hupiga miayo, hutoka machozi na makamasi kama mwenye mafua, vinyweleo humsimama, hutoka jasho na huku ahisi baridi. Kisha huja msokoto wa tumbo, kuharisha, kutapika, maumivu ya mifupa, moyo kwenda mbio, na usingizi kupotea. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito kuliko zote. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo hupungua, ingawa usingizi na furaha vyaweza kuchelewa kurudi. Mtu mwenye afya kwa kawaida hafi kwa hayo. Lakini mgonjwa aliyedhoofu, ambaye kuharisha kwa siku mbili kwatosha kummaliza maji mwilini, hali yake ni nyingine. Na mwanamke mwenye mimba asiikate kabisa dawa hii ghafla, maana dhiki hiyo humfikia mtoto tumboni. Tramadoli nayo ina balaa lake zaidi, kwa kuwa hugusa mishipa ya fahamu kwa njia mbili, na mwenye kuikata ghafla huweza kupatwa na fadhaa na mchafuko wa akili usiokuwa wa kawaida.

Hapa hatuna budi kutaja jambo ambalo litawaudhi baadhi ya watu. Mgonjwa akifikishwa kwa mwenye kuandika makombe, akaambiwa aitupe dawa ya hospitali kwanza ndipo kombe lifanye kazi, kesho yake huanza kutetemeka, kutoka jasho na kupiga kelele. Mwandishi wa kombe husema: mwaona, shetani anatoka. Hakuna shetani anayetoka. Ni arosto, na mtu yule anateswa bure mbele ya watoto wake, na waliolipa fedha wanashukuru.

Ama hukumu ya jambo hili katika sharia, si suali jipya hata tulishangae. Al-Biruni, katika karne ya 11, alikwisha kuandika katika kitabu chake cha madawa juu ya watu wa nchi za joto, na hasa wakazi wa Makka, waliozoea kula afyuni kila siku, wakianza kwa kidogo na kuongeza hata wakafikia kiasi kinachoua. Na tabibu wa Kiajemi wa karne ya 16, Imadud-Din Mahmud wa Shiraz, alitunga risala nzima juu ya afyuni, na ndani yake akaeleza namna ya kuiacha kwa kupunguza kidogo kidogo.

Lakini lililo zito kwetu sisi wafuasi wa Imam Shafii ni jawabu la Ibn Hajar al-Haytami wa Makka, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra. Huyu ndiye mwenye Tuhfa, ambayo masheikh wetu wa pwani wameisomesha kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo hapana atakayesema twaleta maneno ya watu tusiowajua. Aliulizwa juu ya mtu aliyepatwa na mtihani wa kula afyuni na mfano wake, hata akawa asipokula huangamia. Jawabu lake, kwa maana yake, ni kwamba ikiwa hilo lajulikana kwa yakini, basi ni halali kwake kula, bali ni wajibu, kwa kuwa ni mwenye dharura ya kuihifadhi roho yake, sawa na aliyelazimika kula nyamafu. Kisha akaongeza sharti: ni wajibu juu yake kupunguza kwa daraja, kidogo kidogo, mpaka tumbo liachane na mazoea yale bila ya kulihisi jambo hilo, na mwenye kuweza kufanya hivyo asifanye, ana dhambi. Ibn Abidin wa Damascus, ambaye ni wa madhehebu ya Hanafi, aliinukuu fatwa hii katika kitabu chake kikubwa, pamoja na kauli ya ar-Ramli kwamba kanuni za Wahanafi haziipingi.

Natuitazame vizuri fatwa hii, kwa kuwa watu hushika nusu yake. Wengine hushika ile nusu ya kuruhusu, wakasema: basi na aendelee tu. Wengine hawaisikii kabisa ruhusa, wakaamrisha kukata kwa siku moja ili mtu atahirike. Sheikh amezifunga nusu zote mbili pamoja: ruhusa kwa ajili ya kuihifadhi roho, na wajibu wa kupunguza kwa daraja. Tena yule aliyeulizwa habari yake hakuwa mgonjwa aliyeandikiwa dawa na tabibu. Alikuwa ni mtu aliyejizoesha. Ikiwa huyo hakuamrishwa kukata ghafla, basi mgonjwa wa Meru aliyepewa mofini kwa saratani ana haki zaidi ya kufanyiwa upole huo, nacho ndicho wanachokiita mafakihi kiyasi cha awla. Na juu ya asili ya kutumia dawa hizi kwa haja, wanavyuoni wetu walikwisha kujuzisha hata dawa ya kuondoa fahamu kwa mtu anayekatwa kiungo kilichooza.

Jambo la kwanza, basi, kabla ya kuuliza aache vipi, ni kuuliza kwa nini aache. Mgonjwa ambaye saratani yake ipo, na maumivu yake yapo, na dawa inamsaidia kulala, kula, kusali na kuzungumza na watu wake, huyu hana la kuacha. Mofini haikumwua jirani yake aliyefariki wiki mbili baada ya kuanza kuinywa; saratani ndiyo iliyomwua, nayo ndiyo sababu aliandikiwa mofini. Jamaa wanaoinyima dawa hiyo midomo ya wazazi wao kwa kuogopa kwamba watakuwa mateja wakiwa na miaka 70, wanawaacha wapige kelele usiku kucha kwa kuchelea jambo lisilokuwako.

Wako wengine ambao sababu ya kuacha ipo kweli. Yuko aliyepigwa miale kwenye mfupa ulioingiwa na saratani, na maumivu yakatulia baada ya wiki kadhaa. Yuko aliyevunjika mguu katika ajali ya pikipiki, mguu ukaunga, na yeye bado ameza vidonge mwaka wa pili. Na yuko mwenye maumivu ya mgongo ya miaka mingi anayejinunulia tramadoli katika duka la dawa bila cheti, na faida yake sasa ni ndogo kuliko madhara: choo kigumu, usingizi wa mchana, kusahau. Hawa wote yafaa wapunguze, na wote wapunguze kwa daraja.

Tunalo funzo kubwa kutoka Marekani. Kuanzia mwaka 1996, kidonge kiitwacho OxyContin kilitangazwa kwa madaktari wa huko kwa maneno matamu kwamba uraibu wake ni jambo la nadra, kikaandikiwa hata watu wenye maumivu ya kawaida. Maelfu kwa maelfu wakafa, na kampuni iliyokitengeneza, Purdue, ikakiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Kisha wakaingia katika kosa la pili. Mwaka 2016 ulitolewa mwongozo wa kubana uandikaji wa dawa hizi, na madaktari wengi kwa kuogopa wakawakatia ghafla wagonjwa waliokuwa wakizitumia kwa miaka. Aprili 2019, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia madawa ikalazimika kutoa onyo, kwa kuwa ilipokea habari za wagonjwa waliopatwa na arosto kali, maumivu yasiyozuilika, na hata kujiua. Mwongozo uliorekebishwa mwaka 2022 wasema kwamba aliyetumia kwa mwaka mmoja au zaidi, kupunguza sehemu moja ya kumi kwa mwezi, au polepole kuliko hivyo, ndiko kunakoelekea kuvumilika. Na aliyetumia kwa wiki au miezi michache aweza kwenda haraka zaidi, kama sehemu moja ya kumi kwa wiki.

Kwetu sisi tatizo ni kinyume chake. Tume iliyoundwa na jarida la utabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba katika tani 300 hivi za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi masikini kabisa zilipata sehemu moja tu ya kumi ya tani. Kwa hiyo mgonjwa wetu hukatiwa dawa si kwa kuogopwa na daktari peke yake. Hukatiwa kwa kuwa dawa imekwisha hospitali, au nauli imekwisha, au mvua imeharibu njia ya kijijini. Mwenye mgonjwa asingoje chupa ikauke. Akiona imebaki dawa ya wiki moja, na aende akachukue nyingine, au apige simu kwa wauguzi wa hospisi wamwelekeze.

Kuhusu namna ya kupunguza, tutatoa mfano ili watu waelewe, wala si ili wajitibu wenyewe. Tuseme mgonjwa hunywa maji ya mofini yenye nguvu ya miligramu 1 katika kila mililita, naye hunywa mililita 10 kila baada ya saa 4, yaani mara 6 kwa siku. Jumla ni miligramu 60. Sehemu moja ya kumi ni miligramu 6. Basi akishuka kutoka mililita 10 hadi 9 kila mara, atakuwa amefika miligramu 54. Hukaa hapo kwa muda aliopangiwa, kisha hushuka tena. Akiona miayo, jasho na msokoto wa tumbo vyamzidi, husimama pale pale alipo mpaka mwili utulie, na daktari huweza kumpa dawa za kutuliza tumbo, usingizi na mapigo ya moyo. Mwisho wa safari ndio mgumu kuliko mwanzo, kwa hiyo hatua za mwisho huwa fupi zaidi. Kipimo kipimwe kwa bomba la sindano lisilokuwa na sindano yake, kwa sababu kijiko cha chai cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ile. Na isomwe karatasi ya chupa kila mara. Ziko chupa zenye nguvu mara kumi, miligramu 10 katika kila mililita. Mwenye kuzoea mililita 9 akazimimina kutoka chupa hiyo, atakuwa amemnywesha mgonjwa miligramu 90 kwa mara moja.

Vidonge vya mofini vya kumezwa kila baada ya saa 12 visivunjwe wala kusagwa, kwa kuwa vimetengenezwa vitoe dawa polepole, na kikivunjwa hutoa yote kwa pamoja. Wala dawa hizi zisichanganywe na vidonge vya usingizi bila ya daktari kujua.

Sasa twafika kwenye jambo tunaloliogopa kuliko arosto yenyewe. Mwili uliozoea dawa ukiikosa kwa siku chache husahau mazoea yake. Mgonjwa aliyekuwa akinywa miligramu 60 kwa siku, akaiacha wiki mbili, kisha maumivu yakamzidi akarudia kipimo kile kile cha zamani, huenda akalala usingizi asiamke tena, kwa kuwa dawa hii ikizidi nguvu ya mwili hupunguza pumzi mpaka ikasimama. Vijana wengi wa unga hufa kwa njia hii hasa, wakitoka jela au wakirudi kutoka mahali walipofungiwa na wazazi ili waache. Mtu aliyekatiwa dawa, kwa sababu yoyote, asiirudie ila kwa kipimo kipya atakachopewa na daktari. Na jamaa wakimwona mgonjwa haamki akiitwa na kutikiswa, pumzi zake ni za mbali mbali, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu ya sindano, wasingoje asubuhi. Wamfikishe hospitali saa ile ile.

Katika Ramadhani suali hili huwa kali zaidi. Meru iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na saumu yake ni ya saa 13 na zaidi kidogo mwaka wowote uwao. Mgonjwa wa maji ya mofini kila baada ya saa 4, akifunga, hupoteza minyweo mitatu ya mchana, na alasiri humkuta katika maumivu na arosto pamoja. Wengine, kwa kutaka kulipa waliyoyakosa, hunywa vipimo vitatu wakati wa kufuturu. Nao hao wamejitia katika hatari tuliyoitaja juu. Mgonjwa wa namna hii ana ruhusa ya kula. Ikiwa yatarajiwa atapona, atalipa siku zake. Na ikiwa ugonjwa hautarajiwi kupona, hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, wala hana deni la kufunga. Anayetamani sana kufunga na daktari akaona mwili wake waweza, na amwendee mapema katika Shaabani, huenda akabadilishiwa apewe vidonge vya saa 12, kimoja wakati wa daku na kimoja wakati wa kufuturu. Asijibadilishie mwenyewe usiku wa kuandama mwezi.

Liko pia lile linalowapata wagonjwa wa umio. Njia ya chakula huzidi kuziba, na siku moja hata maji hayapiti. Jamaa hushughulika na chakula, wakasahau kwamba dawa nayo imekatika siku hiyo hiyo. Madaktari wanazo njia nyingine, kama sindano ya chini ya ngozi au kibandiko cha fentanili kinachobandikwa mwilini, lakini sharti waambiwe upesi.

Ama wale vijana wetu wa unga, hao mlango wao ni mwingine, ingawa kanuni ni ile ile ya Ibn Hajar ya kwenda kwa daraja. Serikali ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwezi wa Desemba 2014, na mwaka 2015 katika Malindi. Baadaye na Kisauni. Wako wanaolaumu kwamba huku ni kumtoa mtu katika kasumba na kumtia katika kasumba nyingine. Tumeona tofauti ya mtu anayekunywa kipimo chake asubuhi mbele ya muuguzi kisha akaenda kazini, na mtu anayejichoma sindano kichochoroni, nasi hatuoni kwamba hukumu zao ni sawa.

Anayesafiri na mgonjwa kutoka Meru au Embu hadi pwani, achukue cheti cha daktari chenye jina la mgonjwa, jina la dawa na kipimo chake, na chupa ibaki na karatasi yake, kwa sababu mofini imo katika sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti madawa haya, na askari wa barabarani hana namna nyingine ya kumtambua mgonjwa na mchuuzi. Na dawa iliyobaki baada ya mtu kupona au kufariki, isiwekwe kabatini kwa nia ya kumpa mwingine atakayeumwa, wala isimwagwe chooni, wala haihesabiwi katika mirathi. Irudishwe hospitali ilikotoka, ikabidhiwe muuguzi au mtoaji dawa, naye aiandike katika daftari lake.